Bomba Moja, Saini Mbili

Watu wengi wa mji ule hawakulijua jina lake. Walimwita Bwana Koki, naye aliitika, maana miaka ishirini na sita ni mingi mno kwa mtu kuendelea kuwasahihisha watu barabarani. Kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga maji. Asubuhi alipita na baiskeli, begani amebeba ufunguo wa chuma wenye umbo la herufi T, mrefu wa kumfika kifuani, na watoto waliomwona walikimbilia ndani wakipiga kelele, "Mama, toa ndoo, Bwana Koki kapita!" Akifunua mfuniko wa shimo fulani na kuzungusha ufunguo, mtaa mzima unapata maji. Akizungusha upande wa pili, mtaa mzima unakauka. Mkewe alizoea kumtania kwamba ana mamlaka kumshinda rais, ila yeye hana walinzi.

Alikuwa mwoga, na hakuficha. Aliogopa mbwa, aliogopa radi, aliogopa bahasha zenye muhuri. Kuliko vyote aliliogopa bomba kuu. Lilifukiwa ardhini kabla hajazaliwa, bomba la chuma lililoliwa na kutu, likishuka kutoka tangi la kilimani hadi shimo kubwa la njia panda. Hapo liligawanyika: tawi moja kwenda mitaa ya juu, tawi jingine kwenda mitaa ya chini. Mwaka wake wa kwanza kazini, mtu mmoja mwenye haraka zake alifungua matawi yote mawili kwa mpigo, na tangi lilikuwa limepungua. Maji yaliyokuwa yakipanda juu yakarudi nyuma, hewa ikaingia, bomba likatoa mshindo kama lori limegonga ukuta. Mfuniko wa shimo ukaruka ukampiga fundi aliyekuwa akimfundisha kazi. Fundi yule hakutembea tena. Mji ukakaa siku tisa bila tone. Tangu hapo Bwana Koki alifungua koki pole pole, akihesabu kila mzunguko kwa sauti, kama mtu anayembeleza mtoto mwenye homa.

Kisha ukaja uchaguzi usiompata mshindi. Chama cha Kengele, chenye watu wake wengi mitaa ya juu, na chama cha Ngazi, chenye nguvu mitaa ya chini, vilitoka sare kwenye viti vya baraza la mji. Siku kumi na moja za mabishano na mabomu ya machozi zikaishia kwenye makubaliano: Meya atatoka Kengele, Naibu wake atatoka Ngazi, na karatasi yoyote ya maana haitakuwa halali mpaka iwe na saini zao wote wawili.

Meya alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo ambayo ilibidi uinamie ili uisikie. Naibu alikuwa mkandarasi wa majengo, pande la mtu, anayezungumza kana kwamba yuko juu ya jukwaa hata akiomba chai. Ofisi zao zilitazamana kwenye korido moja. Kila mmoja alikuwa na mlinzi wake mlangoni, birika lake, na watu wake wa kumnong'oneza. Faili lililotoka mlango huu kwenda mlango ule lilichukua wiki mbili.

"Ni hatua kumi na mbili," alisema Mama Faili, karani wa masjala, mama wa makamo aliyewatunzia makaratasi mameya sita. "Nimezipima kwa miguu yangu. Konokono angekuwa ameshafika, amerudi, na ameomba likizo."

Watu walicheka. Lakini mvua ilipogoma mwaka ule, kicheko kikakatika.

Tangi la kilimani lilianza kushuka. Mhandisi wa maji aliandika ratiba ya mgao, akaipeleka kwa Meya. Meya akairudisha na maswali. Ikaenda kwa Naibu, naye akairudisha na maswali mengine. Wiki ya tatu ilipoisha bado haikuwa na saini hata moja, na Bwana Koki aliendelea kufungua na kufunga kwa ratiba ya zamani, ya nyakati za neema, huku akiona alama ya maji kwenye ukuta wa tangi ikiteremka kiganja kimoja kila siku.

Maji yalipopungua, watu walimtafuta wa kumlaumu, na aliyeonekana barabarani alikuwa yeye. Akipita mitaa ya juu, akina mama waliokuwa zamani wakimkaribisha chai walisimama na ndoo tupu wakamtazama bila salamu. "Anaishi chini huyo," alimsikia mmoja akisema. "Unategemea nini?" Akishuka mitaa ya chini, alikokuwa akiishi na mkewe na binti yao, mambo hayakuwa afadhali. Huko walimkumbusha kwamba mama yake mzazi na dada yake wanakaa juu. "Ndugu zake wanaoga mara mbili kwa siku," walisema, ingawa dada yake alikuwa akipiga foleni kwa ndoo kama wengine.

Siku moja mchana shemeji yake, mdogo wa mkewe, alikuja kumtembelea. Zamani alikuwa kijana wa mizaha, ndiye aliyecheza sana kwenye harusi yao. Sasa alikuwa kiongozi wa vijana wa Ngazi, na aliingia na wenzake wawili ambao hawakukaa. Walisimama mlangoni, mikono mifukoni.

"Shemeji," alisema, akipokea glasi aliyopewa na dada yake, "watu wanauliza maswali. Mimi nakutetea. Nawaambia, shemeji yangu ni mtu wetu. Sasa usinitie aibu."

"Mimi sina mtu, shemeji. Nina bomba."

"Ndiyo maneno wasiyotaka kuyasikia hayo." Alikunywa, akarudisha glasi, akatabasamu. Tabasamu lile ndilo lililomtisha Bwana Koki kuliko wale wawili mlangoni, kwa kuwa halikuwa la mtu aliyemjua.

Juzi yake alikuwa amepigiwa simu na namba asiyoijua. Sauti ilikuwa ya upole, ya mtu mzima aliyesoma. Ilimuuliza hali, ikamuuliza kazi, kisha ikasema, "Binti yako ana begi la bluu, sivyo? Anapenda kukata njia kwa nyuma ya kiwanda. Watu wa juu wanataka maji tu, ndugu yangu. Hawataki ubaya na mtu." Simu ikakatwa. Hakumwambia mkewe. Kesho yake alianza kumsindikiza binti shuleni, akisingizia kwamba ana koki ya kukagua upande ule, na binti, mwenye miaka kumi na tano na aibu zake, alitembea hatua kumi mbele kusudi wenzake wasijue wako pamoja. Yeye hakujali. Alitazama kila uchochoro.

Alhamisi asubuhi zikaja barua mbili.

Ya kwanza ililetwa na dereva wa Meya. Iliamuru koki ya mitaa ya juu ifunguliwe Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi na isifungwe kwa siku tatu. Ilikuwa na muhuri na saini moja. Hajamaliza kuikunja, akaingia msaidizi wa Naibu na bahasha nyingine. Siku ile ile, saa ile ile, koki ya mitaa ya chini, siku tatu. Muhuri, na saini moja.

Alizilaza mezani, moja ubavuni mwa nyingine. Tangi lilikuwa chini ya nusu. Akitii barua zote mbili, ni yale yale ya mwaka wa kwanza, na safari hii bomba lilikuwa limezeeka miaka ishirini na sita zaidi. Akitii moja, upande wa pili unajua anakoishi, au unajua njia ya binti yake. Alikwenda mbio kwa mhandisi. Alikuta ofisi imefungwa na kikaratasi mlangoni: mhandisi amepatwa na homa ya ghafla, yuko likizo ya ugonjwa. Simu yake haikupatikana.

"Homa," alijisemea, akigusa paji la uso wake mwenyewe. "Kwa nini mimi siipati?"

Aliliwaza hilo kwa dhati. Alirudi nyumbani mapema, akamweleza mkewe yote, pamoja na ile simu. Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Jumatatu."

"Jumatatu! Umelala ubavuni mwangu siku tatu na neno kama hilo kifuani?" Alianza kutia nguo za binti kwenye begi, akazitoa, akazitia tena. "Tuondoke. Twende kwa wazazi wangu. Wewe sema unaumwa, wamtafute mtu mwingine wa kuzungusha chuma chao."

Lilikuwa shauri la kutosha, na moyo wake wote ulilitaka. Lakini jioni ile shemeji alipiga simu kuuliza kama barua imefika, akaongeza, bila hata kuulizwa, "Na usiwe na wasiwasi, shemeji. Kama unaona vigumu, kaa nyumbani. Vijana watafungua wenyewe. Chuma si chuma tu?"

Bwana Koki akayaona yote kana kwamba yanatokea mbele yake: vijana wa chini wamelizunguka shimo, vijana wa juu nao wamekuja na chuma chao, kila kundi linazungusha kwa nguvu zake, hakuna anayehesabu. Aliuona mfuniko ukiruka. Kukaa nyumbani kungemwokoa na kipigo. Na kile kitakachofuata, je?

Ijumaa asubuhi aliwapeleka mkewe na binti kituo cha basi, akasimama mpaka basi likapotea. Kisha akaenda jengo la baraza na barua zake mbili mfukoni, akaingia masjala, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kukaribishwa.

Mama Faili alimtazama usoni, akamsogezea maji. "Kunywa kwanza, mdogo wangu. Usije ukanifia hapa, sina fomu ya maiti."

Alikunywa. Alimwonyesha barua. Mama Faili alivaa miwani, akasoma ya kwanza, akasoma ya pili, akairudia ya kwanza. Mzaha ukamtoka.

"Mwingine ameziona?"

"Hakuna. Kila mmoja anajua yake."

"Leo ni siku ya kamati ya pamoja," alisema, akiangalia saa ya ukutani. "Sheria inawalazimisha wakae chumba kimoja. Wanakaa robo saa, wanasaini mahudhurio, wanatoka. Robo saa hiyo ndiyo serikali yetu, hakuna nyingine." Alisimama, akachukua faili jipya, akazibana barua zote mbili ndani yake, uso kwa uso. "Mimi nina ruhusa ya kuingia na daftari la mahudhurio. Wewe utaingia nyuma yangu. Ukiona nimetoka, usinifuate."

"Nitasema nini?"

"Sema ya bomba. Ya siasa wanayo ya kutosha."

Chumba kile kilikuwa na meza ndefu, Meya upande mmoja, Naibu upande mwingine, na kati yao viti kumi vitupu. Hawakuwa wakizungumza. Meya alisoma kitu. Naibu alitazama simu. Mama Faili aliweka faili katikati ya meza, akalifungua, akatoka, na mlango ukajifunga nyuma yake kwa sauti ndogo. Bwana Koki alibaki amesimama, kofia mkononi.

Naibu ndiye aliyesimama kwanza kuja kutazama. Alizisoma zote mbili. Shingo ikamvimba.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma, Mheshimiwa. Mimi ni wa koki."

"Nauliza, wewe ni wa chama gani?"

"Wa koki," alirudia, maana akili ilikuwa imekwama hapo hapo.

Meya naye alikuja, akainama juu ya meza. Alipoiona saini ya mwenzake hakuonyesha kushangaa. "Kumbe na wewe," alisema kwa ile sauti yake ndogo.

"Usiniambie na wewe! Wewe ndiye uliyeanza!"

"Tarehe ni moja, Mheshimiwa. Tazama."

Wakaanza. Ilikuwa kama paka wawili waliofungiwa gunia moja. Ratiba ya kwanza nani aliikalia, nani alikwenda redioni, nani alivunja makubaliano. Robo saa ilikuwa ikikimbia na Bwana Koki aliiona kwenye saa ya ukutani. Hakuwahi maishani mwake kumkatiza mkubwa. Alipofungua mdomo, sauti iliyotoka ilikuwa kali na nyembamba, kama ya mtoto.

"Litapasuka!"

Walinyamaza, wakamgeukia.

"Bomba litapasuka," alisema, na baada ya hapo maneno yakaja yenyewe, bila mpangilio. Aliwaeleza tangi lilivyo, maji yanavyorudi nyuma, hewa inavyoingia. Aliwaeleza mshindo ule. Aliwaeleza fundi wake alivyolala pembeni ya shimo akiuliza miguu yake iko wapi, ilhali alikuwa nayo.

Naibu, kwa mazoea ya kazi yake ya zamani, aliuliza, "Unene wa chuma ukoje sasa?"

"Kimeliwa kwa ndani, Mheshimiwa. Ukikigonga kinalia kama debe."

"Na hospitali?" aliuliza Meya. "Hospitali iko tawi gani?"

"Haiko kwenye tawi. Inapata maji kwenye bomba kuu lenyewe, kabla halijagawanyika. Likienda, wodi zote zinakauka."

Meya alivuta kiti akakaa. "Nilikuwa zamu siku zile tisa," alisema. "Nilizalisha kwa maji ya ndoo. Akina mama wawili hawakurudi makwao." Alikuwa akimwambia Naibu, ila hakumtazama. "Nilikuwa nimeyaweka mbali kabisa hayo."

Kisha Naibu naye akakaa, na alipoongea, kwa mara ya kwanza hakuwa jukwaani.

"Unadhani sijui lililo sawa? Nikisaini ratiba inayowapa watu wa juu siku ya kwanza, kufika jioni sina chama. Na chama ni kitu kidogo. Vijana wangu mwenyewe... kuna ujumbe wameniletea." Aliisukuma simu yake mezani.

Meya aliisoma. Akatoa yake kwenye mkoba, akaisukuma upande wa pili. "Mimi wameniletea picha ya jeneza. Si watu wako. Ni wangu."

Bwana Koki aliwatazama wakisomeana vitisho, na kilichomjia hakikuwa faraja hata kidogo. Miaka yote alidhani huko juu serikalini kuna mtu asiyeogopa, mtu ambaye mambo yakiharibika kabisa atajua la kufanya. Sasa aliona hayupo. Naye akavuta kiti, akakaa meza moja na wakubwa bila kuomba ruhusa.

Ndipo wakamuuliza ratiba ingekuwaje kama ni yeye. Aliwaambia: Jumamosi, Jumatatu na Jumatano juu, Jumapili, Jumanne na Alhamisi chini, Ijumaa tangi lifungwe lijae, kuanzia leo.

"Kwa nini juu waanze?" Naibu aliuliza, sauti tayari imeanza kupanda.

"Kwa sababu ya mlima, Mheshimiwa. Maji hayapandi kule mpaka tangi liwe limejaa Ijumaa nzima. Tukianza chini, juu hawapati kitu wiki yote. Si mimi niliyepanga. Ni mlima."

Wakabishana tena, kuhusu hospitali, kuhusu shule, kuhusu neno gani liandikwe kwanza, "juu" au "chini". Walinzi waligonga mlango mara mbili. Robo saa ikawa saa mbili na nusu. Mwishowe Naibu alichukua kalamu, akaishikilia juu ya karatasi, akasema, "Tusaini pamoja. Asitangulie mtu." Wakaiweka karatasi katikati, wakainama kila mmoja kutoka upande wake, na vichwa vyao nusura vigongane.

Bwana Koki hakusimama kuondoka.

"Kuna nini tena?" aliuliza Meya.

"Kesho," alisema. "Pale shimoni. Mimi siwezi kusimama pale peke yangu na karatasi. Naomba mje."

Walitazamana. Naibu akachukua simu yake, Meya akachukua mkoba wake.

Jumamosi saa kumi na mbili kasorobo, njia panda ilikuwa imejaa. Watu wa juu upande mmoja na ndoo zao, watu wa chini upande wa pili, katikati shimo na mfuniko wake. Hakukuwa na kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. Bwana Koki alipita katikati yao akisukuma baiskeli, na kila aliyempisha alimpisha taratibu mno. Kwenye nguzo Mama Faili alikuwa amekwisha kubandika ratiba, na sasa alisimama chini yake kama mlinzi, mkoba kifuani.

Meya alifika kwa gari, akashuka, akaja kusimama shimoni. Minong'ono ilianza upande wa juu, ya furaha, kwamba amekuja kuwafungulia. Naibu hakuonekana. Saa kumi na mbili ikafika. Ikapita. Meya aliangalia barabara ya chini, akaangalia saa, akaangalia tena barabara. Shemeji alikuwa pale, kipande cha nondo mkononi, wenzake nyuma yake.

"Yuko wapi?" Bwana Koki alinong'ona.

"Sijui," alisema Meya.

Ilipofika saa kumi na mbili na dakika kumi, Naibu alitokea akija kwa miguu, peke yake, ameloa jasho. Dereva wake alikuwa amekataa kumleta, walikuja kujua baadaye, na walinzi wake wakasema hawajaamriwa. Alipasua katikati ya watu wake, akafika, akasimama ubavuni mwa Meya, na kabla hata pumzi hazijatulia akasema kwa ile sauti yake kubwa, "Ratiba ile nimeisaini mimi! Leo ni zamu ya juu. Kesho ni yenu. Aliyesaini ni mimi, msimguse fundi!"

Jiwe halikuwa kubwa. Lilitoka upande wa chini, likampiga juu ya jicho. Aliyumba, akashika bega la Meya, akabaki wima. Damu ilishuka haraka, ikamfunika jicho. Meya alivua mtandio wake, akambandika kwenye jeraha na kukandamiza kwa mikono miwili, kama alivyokandamiza majeraha maisha yake yote. Upande wa juu, watu wa Meya mwenyewe wakaanza kumzomea.

"Fungua," Naibu alimwambia Bwana Koki.

Aliinua mfuniko. Akaingiza ufunguo. Kivuli kikamwangukia: shemeji alikuwa amesimama juu yake na nondo.

"Toa hicho chuma, shemeji."

Bwana Koki alitamani kutoa. Ufunguo ukawa unagonga ukingo wa shimo, tik tik tik. "Shemeji," alisema, "ukizungusha vibaya, mfuniko huu utakupiga wewe. Hautachagua. Nilimwona mtu. Dada yako nitamwambia nini?"

Shemeji alimtazama, akamtazama Naibu aliyelowa damu, ambaye picha yake alikuwa ameivaa kwenye fulana miezi minne. Nondo ilibaki hewani, muda ambao Bwana Koki hakuweza kuukadiria. Kisha akatema mate chini, akageuka, na wenzake wakamfuata.

"Moja," Bwana Koki akahesabu. "Mbili. Tatu." Alifika arobaini na mbili. Ardhini bomba likaguna, likakoroma, likatulia, na maji yakaanza kupanda mlima.

Ratiba ile ilidumu wiki kumi na moja, mpaka mvua iliponyesha. Hakuna aliyesema asante. Mitaa yote miwili iliamini upande wa pili umependelewa. Meya na Naibu hawakuwa marafiki. Wiki mbili baadaye walikuwa wakigombana juu ya paa la soko, na faili la soko likarudi kutembea zile hatua kumi na mbili kwa mwendo wake wa zamani. Mwezi haujaisha, chama cha Ngazi kilimfukuza Naibu, kikamleta mwingine aliyeapa hadharani kwamba hatagusa kalamu moja na Kengele. Huyo alitaka kuifuta ratiba ya maji siku yake ya kwanza. Akaambiwa kufuta nako kunahitaji saini mbili. Meya alikataa kuitoa ya kwake, na chama chake hakikumteua tena. Mkewe Bwana Koki na binti walirudi nyumbani baada ya wiki tatu. Shemeji hakuja tena, na dada yake aliacha kumtaja.

Karibu mwaka baadaye, Bwana Koki alitumwa kutengeneza koki iliyokuwa ikivuja kwenye nyumba moja ya mitaa ya chini. Aliyemfungulia geti alikuwa yule Naibu wa zamani. Alikuwa amekonda, na juu ya jicho palikuwa na mshono mbaya. Nyumba ilikuwa kimya; wageni waliokuwa wakijazana uani hawakuwepo. Alileta kigoda mwenyewe, akakaa kumtazama akifanya kazi.

"Siku ile," alisema baada ya muda, "wewe uliogopa?"

"Mpaka leo naogopa, Mheshimiwa."

"Niite jina langu tu. Mimi nilifika mpaka kona, nikarudi nyumbani. Mara mbili. Ndiyo maana nilichelewa." Aligusa ule mshono. "Safari ya tatu nilijiambia, yule mama amekwisha simama pale. Basi. Hakuna kingine nilichojiambia."

Bwana Koki alikaza nati ya mwisho, akafuta mikono. Akasema koki imepona. Alipoelekea getini, mwenye nyumba alimshika mkono akamzuia, akachungulia barabarani kupitia upenyo, akarudi.

"Pitia mlango wa nyuma," alimwambia kwa sauti ndogo. "Wapo wanaoangalia nani anaingia kwangu. Kwa upande wangu yamekwisha. Wewe bado una kazi."

Bwana Koki akabeba ufunguo wake, akazunguka nyumba, akatokea nyuma, akajibanza ukutani mpaka uchochoro ulipobaki mtupu.